Sura ya Sita: Tumbo la Kamera

Kamera ya zamani inayouzwa Korogwe au Handeni huwa imeshapambwa kabla hujaifikia. Ngozi imepakwa kiwi, chuma kimefutwa kwa kitambaa chenye mafuta, na kamba ya shingoni, kama ipo, imetolewa kwenye begi la shule. Ukiipokea inang'aa. Ukibonyeza kitufe inalia, na muuzaji anatabasamu: "Umesikia? Mashine nzima hiyo, bosi." Wengi huingiza mkono mfukoni papo hapo.

Mlio huo hauthibitishi kitu. Shata yenye pazia lililotoboka hulia vilevile kama yenye pazia zima. Lenzi iliyoingiwa na fangasi haina sauti kabisa, na sponji iliyooza haijulikani mpaka mlango wa nyuma ufunguliwe. Kununua kamera kwa kutazama gamba lake ni kununua mbuzi kwenye gunia, na sura hii ni ya kufungua hilo gunia. Inakutaka uwe na tochi ya simu, kipande cha karatasi nyeupe, pamba za masikio, na ujasiri wa kumwambia muuzaji, "Kaka, subiri kidogo."

Kamera hubeba ndani yake hali ya hewa ya mahali ilipolala. Korogwe iko bondeni, kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Joto lake lina unyevu, na nguo iliyokunjwa vibaya kabatini msimu wa masika hutoka na madoa. Ukishika barabara ya lami kuelekea Handeni, kilomita 65 hivi, unaingia nchi nyingine: ardhi imeinuka, mvua ni za kubahatisha, udongo ni mwekundu, na kiangazi vumbi hupita kwenye kila ufa. Kamera iliyokaa miaka ishirini katika nyumba ya Manundu, Korogwe, na iliyokaa miaka hiyohiyo Chanika, Handeni, zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja, mwezi mmoja, lakini magonjwa yao hayafanani. Ya kwanza kagua vioo kwanza. Ya pili kagua kwanza kila kinachozunguka. Kabla hata hujaigusa, basi, swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Ni hili: ilikuwa inakaa wapi?

Zilikotoka

Njia ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na vitu vya ng'ambo vikapata njia fupi ya kufika bara: vyerehani, saa, baiskeli, na baadaye kamera. Lakini kamera utakazokutana nazo leo si za enzi hizo. Karibu zote ni za miaka ya 1960 hadi ya 1990, wakati mpiga picha wa wilayani alipokuwa mtu wa lazima kwenye harusi, mahafali na picha za pasipoti, na mikanda ikipelekwa mjini kusafishwa.

Kwenye masanduku ya watu wa kizazi hicho hutoka aina chache zinazojirudia. Kuna Zenit-E ya Urusi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 na kufikia zaidi ya kamera milioni 3, nzito, isiyojua betri. Kuna Praktica ya Ujerumani Mashariki. Kuna Pentax K1000 ya Japani, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Kuna Olympus Trip 35, ndogo ya kutia mfukoni, ya kati ya 1967 na 1984. Na kutoka studio hutoka Yashica Mat-124G ya macho mawili, ile inayotazamwa kwa kuinamisha kichwa, ambayo mkanda wake mpana hutoa picha 12 tu za mraba.

Kununua kamera iliyotumika si unyonge. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie ya mtumba. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hukohuko Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Lakini Box Brownie ni boksi lenye lenzi moja na shata ya spidi moja. Haina mengi ya kuharibika. Hizi zilizofuata zina matumbo makubwa zaidi.

Picha za kidijitali zilipoenea, kamera hizi ziliingia chini ya vitanda. Kodak yenyewe, kampuni iliyouza mikanda dunia nzima, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Kisha vijana wakaanza kuutafuta mkanda tena, hadi Pentax ikatoa kamera mpya ya mkanda, Pentax 17, mwaka 2024. Ndiyo maana kitu ambacho miaka kumi iliyopita watoto walipewa wachezee leo kina bei, na kina dalali.

Kwanza, je, kuna mkanda ndani?

Kosa linaloumiza kuliko yote hufanywa katika sekunde ya kwanza: mtu anavuta mlango wa nyuma kwa pupa, na mkanda uliokuwa ndani unaungua.

Kabla ya kufungua, tafuta kishikio cha kurudishia mkanda. Kwenye kamera nyingi za milimita 35 kiko juu, upande wa kushoto. Kizungushe taratibu kufuata mshale wake. Kikizunguka huru bila kupinga, ndani hakuna kitu. Kikigoma na ukahisi kitu kinavutana upande wa pili, kuna mkanda. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, urudishe mkanda wote mpaka mvutano uishe, kisha ndipo ufungue.

Tuseme umeelekezwa Handeni, kwa bibi ambaye marehemu mumewe alikuwa mpiga picha. Kamera imetolewa sandukuni, imefungwa kwenye khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo ndiyo ya babu yako. Tangu afariki hakuna aliyeigusa."

"Bibi, humu ndani kuna mkanda. Bado haujasafishwa."

"Una picha?"

"Huenda zipo. Siwezi kuahidi mpaka usafishwe."

"Basi kamera chukua kwa bei tuliyosema. Picha ni zangu."

Huo ni mkataba wa haki, na mnunuzi mwenye adabu huutamka yeye kabla hajaombwa. Picha zilizolala kwenye mkanda hazifi upesi. Mwaka 1930 wavuvi na wawindaji wa Norway walikuta mabaki ya msafara wa Andrée, Wasweden waliopotea mwaka 1897 wakijaribu kuvuka Ncha ya Kaskazini kwa puto. Mikanda yao ilikuwa imelala kwenye barafu miaka 33. John Hertzberg, fundi wa Stockholm, aliisafisha, na kati ya picha 240 hivi akaokoa 93. Barafu huhifadhi, joto hula: mkanda uliolala Korogwe usitegemee muujiza wa namna hiyo. Wa rangi utakuwa umepauka au umefunikwa na ukungu. Mweusi na mweupe una matumaini zaidi. Hata hivyo sura moja ya marehemu ikionekana, familia haitasahau nani aliyeirudisha.

Mlango wa nyuma

Sasa fungua. Usitazame kwanza; nusa. Harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu inakwambia unyevu ulikuwemo, na macho yako yajiandae kwa fangasi. Harufu ya siki hutoka kwenye mkanda wa zamani unaooza, hivyo tafuta kipande kilichokatikia ndani.

Pitisha kidole kwenye mifereji ambamo mlango hufungia. Kamera nyingi za Japani za miaka ya 1960 na 1970 ziliwekewa humo sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Sponji hiyo ina umri wake. Ikizeeka hugeuka uji mweusi unaonata, au unga unaopukutika. Ukiona kidole kimechafuka, usitupe kamera. Huo ni ugonjwa wa uzee, unapata karibu kila moja, na unatibika kwa bei ndogo: sponji ya zamani huondolewa kwa kijiti na spiriti, na mahali pake huwekwa uzi mnene mweusi wa sufu au ukanda mwembamba wa mahameli. Angalizo ni moja: makombo yasidondokee kwenye shata. Kamera nyingi za Kirusi hutegemea mifereji yenye kina na nyuzi nyeusi, kwa hiyo Zenit huwa inakuepusha na kazi hii.

Katikati ya mlango kuna bati linalokandamiza mkanda, na kwenye mwili wa kamera kuna reli mbili ambazo mkanda huteleza juu yake. Hapa ndipo vumbi la Handeni hufanya hasara. Chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye bati, itachora mstari mmoja mnyoofu kwenye kila picha, kuanzia ya kwanza mpaka ya 36, juu ya anga, juu ya shela la bibi harusi, juu ya uso wa mgeni rasmi. Elekeza tochi kwa ubavu uangalie kama bati lina mikwaruzo. Mchanga hufutika, lakini mkwaruzo mrefu au kutu iliyochimba kwenye reli haitoki.

Kisha vuta wenzo wa mkanda na uangalie gia yenye meno. Kwa kila picha ya milimita 35, meno nane yanapaswa kupita, kwa kuwa kila picha hula matundu nane. Kama una mkanda ulioungua au ulioisha muda wake, ufanye mkanda wa mazoezi: ufunge kwenye spuli, acha mlango wazi, chora kwa kalamu mstari kufuata ukingo wa dirisha la picha, vuta, chora tena, rudia mara tano sita. Toa mkanda utazame. Viboksi viachane kwa milimita mbili hivi, vyote sawa. Vikiingiliana, gia imechoka, na kila picha itakula kipande cha jirani yake. Ugonjwa huo ni wa ndani kabisa. Fundi wa kuutibu ni wa kutafutwa kwa tochi.

Pazia na mwendo wake

Zenit, Praktica na Pentax zina shata iliyo mbele ya mkanda. Katika Zenit-E na K1000 ni mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayokimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Usiyaguse kwa kidole, na kamwe usiyapulizie kwa mdomo, mate hubaki.

Mapazia huonyesha sehemu tofauti kamera ikiwa imevutwa na ikiwa haijavutwa, kwa hiyo kagua hali zote mbili. Ingia chumba chenye giza, toa lenzi, weka tochi ya simu nyuma, karibu na pazia. Kwa mbele, nyanyua kioo kwa kijiti cha kiberiti ukikigusa ukingoni tu, utazame ndani. Nukta ya mwanga, hata ndogo kuliko ncha ya sindano, ni tundu. Kwenye picha itakuwa doa jeupe, na doa hilo litakaa palepale kila picha. Mikunjo bila matundu inavumilika kwa muda. Mpira uliopasukapasuka ni onyo kwamba matundu yako njiani.

Halafu spidi. Kabla ya kugusa gurudumu la spidi kwenye kamera ya Kirusi, vuta wenzo kwanza, ndipo uchague spidi. Ni tabia ya mashine hizo, na wanaokiuka huziharibu. Ujue pia kamera haina kitu gani, usije ukamlaumu mtu bure: Zenit-E ina B na spidi kuanzia 1/30 hadi 1/500 tu. Haina sekunde nzima, na haijawahi kuwa nayo.

Zilizo nazo, kama K1000, zianze na sekunde moja. Sikiliza: ikichukua sekunde mbili, au ikakwama katikati na kumalizia kwa kuguswa, mafuta yake yameganda. Simu nyingi hurekodi video ya mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde. Fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera dirishani, rekodi dirisha la picha, kisha hesabu fremu ambazo mwanga umeonekana. Kwa sekunde moja zitakuwa 240 hivi, kwa 1/30 ni 8, kwa 1/60 ni 4. Zaidi ya hapo simu haina ushahidi wa kuaminika. Spidi za juu zikague kwa jicho: tazama ukuta mweupe wenye jua kupitia nyuma ya kamera, ufyatue kwa 1/500. Mwanga uonekane dirisha zima. Upande mmoja ukibaki mweusi, pazia la pili linalifikia la kwanza kabla halijamaliza safari, na robo ya picha zako za mchana itakuwa giza.

Olympus Trip na Yashica ya macho mawili zina shata ndani ya lenzi, yenye vibati vyembamba. Hapo adui ni mafuta. Vibati viwe vikavu, vya rangi moja. Ukiona mng'ao wa majimaji, tarajia shata inayofunguka asubuhi na kugoma mchana.

Vioo

Kama kamera imetoka bondeni, dakika zako nyingi zitumie hapa. Toa lenzi kama inatoka, fungua tundu lake la mwanga hadi mwisho, washa tochi upande wa nyuma, kisha uitazame kwa mbele ukiinamisha kidogo kidogo. Geuza, urudie.

Vumbi utaliona, na litakutisha bure. Lenzi ya miaka 50 isiyo na chembe hata moja haipo, na chembe chache hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati kama utando wa buibui. Hao ndio fangasi. Hustawi penye unyevu, giza na hewa isiyotembea, na mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini Korogwe una vyote vitatu. Wakianza hula tabaka laini lililopakwa juu ya kioo, na wakikaa sana huacha alama ambayo hata ukiwaondoa haifutiki. Nyuzi mbili tatu ukingoni ni hoja ya kupunguza bei. Utando uliofunika katikati ni sababu ya kuaga.

Ukungu mweupe ulioenea lenzi nzima ni kitu kingine. Mara nyingi ni mvuke wa mafuta uliotua kwenye kioo cha ndani, na fundi anayeweza kufungua lenzi anaweza kuusafisha. Rangi za upinde wa mvua zinazoanzia pembeni ni habari mbaya zaidi, kwa sababu gundi inayoshikanisha vioo viwili imeachia.

Zungusha pete ya tundu la mwanga uangalie vibati vyake vikifunga na kufungua. Helios-44-2, lenzi ya milimita 58 inayokuja na Zenit-E, mara nyingi huwa na mafuta kwenye vibati, lakini kwa kuwa unavisogeza kwa mkono mwenyewe, haina madhara makubwa. Kwenye lenzi ambayo kamera inajifungia yenyewe, mafuta hayo hayo huchelewesha vibati, na picha zote huungua kwa mwanga mwingi.

Mwisho zungusha pete ya umbali. Iende laini, kwa uzito ule ule, kutoka karibu hadi mbali. Ukisikia kukwaruza kwa ndani, vumbi limeingia kwenye nyuzi za skrubu. Lenzi za namna hiyo zimeishi kwenye pikipiki, kwenye barabara ambazo zamani hazikuwa na lami.

Kwenye kamera yenye prizimu, tazama pia kitundu cha kutazamia. Mstari mweusi unaovuka katikati kwa kawaida unatokana na sponji iliyooza ikala fedha ya prizimu. Hauonekani kwenye picha, unaudhi macho tu. Kwenye Yashica ya macho mawili, inua mfuniko utazame kioo cha juu: kikiwa na madoa utaona giza unapolenga, lakini lenzi inayopiga picha ni ile ya chini.

Betri na jicho la mwanga

Fungua kifuniko cha betri, mara nyingi kiko chini, kwa sarafu. Unga mweupe au wa kijani maana yake betri zilivuja. Ukiwa juu juu, pamba ya sikio yenye siki au limau kidogo itautoa, kisha ukaushe. Ukiona kijani kimepanda kwenye waya kwenda ndani, fundi redio mzuri anaweza kubadilisha waya huo, ila hakuna mwenye uhakika kilifika wapi.

Kamera kadhaa za miaka ya 1960 na 1970, pamoja na Yashica Mat-124G, zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Betri ya alkali ya volti 1.5 inaingia, lakini kipimo cha mwanga kinaweza kudanganya. Wengi hutumia betri za vifaa vya usikivu zenye volti 1.4 hivi.

Zenit-E na Trip 35 hazina betri. Zina jicho la seleniamu linalotengeneza umeme kutokana na mwanga wenyewe. Zenit ielekeze angani, sindano ipande. Izibe kwa kiganja, ishuke. Trip ina jaribio zuri zaidi: weka pete ya tundu kwenye A, ziba lenzi na jicho lake, bonyeza. Shata inapaswa kukataa, na kibendera chekundu kiinuke kwenye kitundu cha kutazamia. Kibendera kisipoinuka ukiwa umeziba mwanga wote, kuna kitu ndani kimekwama. Na shata ikikataa hata ukiwa nje juani, jicho limekufa.

Jicho lililokufa ni msiba kwa Trip, si kwa Zenit wala K1000. Mashine hizi mbili hupiga bila kipimo, na jua letu ni mwalimu mzuri: mchana mweupe, tundu likiwa f/16, spidi iwe karibu na namba ya mkanda. Mkanda wa 100, piga kwa 1/125. Wazee wengi walipiga harusi nzima kwa kutazama vivuli tu.

Onyo moja kabla hujashika bisibisi. Kamera ndogo zenye flashi ndani zina kapasita inayohifadhi mamia ya volti, hata betri zikiwa zimetolewa. Usifungue gamba lake. Mwache afungue anayejua kuitoa chaji.

Bei inafuata tumbo

Ukimaliza ukaguzi utakuwa na orodha ya kasoro. Zigawe mafungu mawili: zinazotibika hapa tulipo, na zisizotibika.

Zinazotibika: sponji, betri iliyovuja kidogo, ngozi iliyobanduka, vumbi, pete nzito, skrubu zilizolegea. Fundi saa ana bisibisi ndogo na mikono iliyozoea vitu vidogo. Fundi viatu ana gundi na ngozi. Fundi redio ana solda. Waeleze kwa utaratibu unachotaka, na wakatishe kwa upole wakianza kufungua zaidi ya hapo.

Zisizotibika, au ambazo gharama yake inazidi kamera: pazia lililotoboka sehemu nyingi, gia iliyokatika, fangasi kati ya vioo vilivyogandishwa, gundi ya lenzi iliyoachia, jicho la seleniamu lililokufa kwenye kamera inayolitegemea. Kamera ya hivyo inafaa kuwa spea, na ilipiwe bei ya spea.

Unapoomba punguzo, taja ugonjwa. Mtu akisema tu, "Punguza, braza, ni ghali," muuzaji anasikia wimbo aliouzoea. Lakini ukimwonyesha kwa tochi yake mwenyewe, "Ona hapa, fangasi wameshafika katikati, hapa pazia lina tundu," mazungumzo yanabadilika. Wengi hawakujua, na wachache waliojua watanyamaza. Hutamdhulumu mtu na wewe hutadhulumiwa. Ikiwa muuzaji hataki kamera ifunguliwe kabisa, mshukuru uondoke. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Iliyopita mtihani usiipeleke harusini bado. Iwekee mkanda mmoja wa majaribio, upige vitu vya kawaida kwa spidi zote na matundu yote, ukiandika kila picha kwenye daftari. Negativu zikirudi, zisome ukiwa na daftari hilo. Mstari mnyoofu mrefu, rudi kwenye bati na reli. Doa linalokaa palepale, rudi kwenye pazia. Mwanga mwekundu au wa machungwa unaovuja kutoka ukingoni, rudi kwenye mifereji ya mlango. Picha zilizofifia kwa spidi moja tu, shata. Mkanda ukikubali, sasa chukua kazi ya watu.

Na ukishaimiliki, usiirudishe kwenye ugonjwa ilikotoka. Mkazi wa Korogwe aitoe kwenye mkoba wa ngozi na aiweke penye hewa, au ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, avikaushe juani kila vinapolowa. Usitumie mchele, una vumbi lake. Mkazi wa Handeni aifunike kwa mfuko safi, na asibadilishe lenzi au mkanda barabarani upepo ukiwa unavuma. Wote wawili waipige angalau mara moja kila mwezi, hata bila mkanda, kwa spidi zote. Shata isiyotembea huganda. Nusu ya kamera utakazoambiwa "hii haijaguswa kabisa" zina ugonjwa huohuo wa kutoguswa, kwa hiyo neno hilo likitajwa kama sifa, anza ukaguzi wako na spidi za chini.